Kiboko cha Tano

Mtu akitaja barazani Ndalambo, wilayani Momba, habari za kijana wa kidato cha pili aliyeacha ghafla kusema na wenzake, anayelala darasani mchana kutwa, na ambaye juzi kampiga mwenzake kwa mguu wa kiti bila sababu inayoeleweka, hukumu hutoka kabla hajamaliza kueleza. Wa kwanza atasema huyo hajachapwa akachapika. Wa pili atasema ana mapepo, apelekwe kwenye maombi ya mkesha. Wa tatu, mara nyingi mtu mwenye cheti na ajira, atasema kwa upole kwamba huko kwa wenzetu angepelekwa kwa mtaalamu wa saikolojia, lakini hayo ni mambo ya Wazungu. Sisi hatuna muda huo wala fedha hizo. Mazungumzo huishia hapo, watu wakahamia kwenye bei ya mahindi.

Hukumu ya tatu ndiyo yenye madhara makubwa kuliko zote. Haimpigi kijana wala haimwombei, inamwacha. Na kwa kumwacha inazifungulia mlango zile mbili za kwanza, maana mwenye elimu akishasema hakuna njia nyingine, mwenye fimbo hana wa kumzuia. Hoja ya makala haya ni kwamba njia nyingine ipo, imeshajaribiwa na Waafrika vijijini kwao, baadhi yao katika mazingira magumu kuliko ya wilaya ya Momba, na matokeo yake yamepimwa. Anayeendelea kuiita ya Kizungu anashikilia jambo ambalo ushahidi umelikataa zamani.

Dhana hiyo ilikotoka si siri. Watu wengi wamemwona mtaalamu wa saikolojia kwenye skrini tu. Katika Good Will Hunting, filamu ya Marekani ya mwaka 1997 iliyompatia Robin Williams tuzo ya Oscar, kijana mfagizi mwenye kipaji cha hesabu na ngumi nyepesi anakaa ofisini kwa mwanasaikolojia iliyojaa vitabu, wiki baada ya wiki, mpaka siku moja anabubujikwa na machozi na maisha yake yanageuka. Warusi nao wana tamthilia za mkondo huo. Trigger, iliyorushwa na Channel One ya Moscow mwaka 2020, inamhusu mwanasaikolojia Artyom Streletsky, uhusika wa Maxim Matveyev, ambaye tiba yake ni kuwachokoza wateja, kuwaudhi na kuwashtua mpaka waone ukweli wao. Mteja wake mmoja anajiua, na yeye anakwenda jela.

Ni hadithi zenye nguvu, na Warusi wana mizizi mirefu katika uandishi wa aina hiyo. Dostoyevsky alichapisha Podrostok mwaka 1875, riwaya nzima inayosimuliwa na kijana mwenye hasira, mtoto wa nje ya ndoa aliyelelewa mbali na baba yake na sasa anamtafuta ili ampende na amlaumu kwa wakati mmoja. Mwalimu yeyote wa sekondari karibu na mpaka wa Tunduma angemtambua kijana huyo siku ya kwanza ya muhula.

Lakini tamthilia hizi zimetuachia imani mbili potofu. Ya kwanza ni kwamba mponyaji ni mtu wa pekee, bingwa mwenye ofisi na zulia, ambaye nchi maskini haiwezi kumpata. Ya pili ni kwamba uponyaji huja kwa mshtuko mmoja mkubwa. Imani hii ya pili ndiyo imani ya mwenye fimbo hasa. Tofauti ni kwamba Streletsky hushtua kwa maneno, na mwalimu wa zamu hushtua kwa mwanzi. Kazi halisi ya kumsaidia kijana aliyevurugika haifanani na lolote kati ya hayo. Ni ya polepole, haina shangwe, na kwa sehemu kubwa inafanywa na watu ambao hawakusomea saikolojia chuo kikuu.

Ushahidi wa kwanza upo Uganda, kwenye wilaya za Masaka na Rakai, upande wa pili wa mpaka wa Kagera. Ukimwi ulikuwa umepita huko kama moto wa kiangazi: nyumba zilizobaki na bibi na wajukuu, mashamba ya migomba yasiyo na wa kuyapalilia. Watafiti wakiongozwa na Paul Bolton, wakishirikiana na World Vision, waliingia katika vijiji 30 na kuwatafuta watu wenye dalili za sonona. Viongozi wa vikundi walikuwa wenyeji wa kawaida, wanaozungumza Kiluganda, waliofundishwa kwa wiki mbili. Wanaume walikaa na wanaume, wanawake na wanawake, dakika 90 kila wiki, kwa wiki 16.

Kilichofanyika ndani ya dakika hizo 90 ni chepesi kueleza. Kiongozi alimsaidia kila mmoja kutambua mzigo wake ulianzia wapi: kuna aliyemfia, kuna anayegombana naye, au kuna badiliko la maisha lililomwangukia, mfano kuugua au kubaki peke yake na watoto wa marehemu ndugu yake. Wiki iliyofuata aliulizwa hali yake tangu walipoachana, na nini kilitokea siku alipojisikia vibaya zaidi. Wenzake walichangia: mmoja alisema alivyozungumza na shemeji yake kuhusu shamba, mwingine alivyoweza kwenda kanisani tena. Hakuna aliyelazwa kwenye kochi wala kuulizwa ndoto zake.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Kati ya walioingia vikundini, asilimia 86 walikuwa na sonona mwanzoni; baada ya vikao ilibaki asilimia 6.5. Katika vijiji ambavyo havikupata vikundi, asilimia 94 ilishuka hadi 54.7, kwa kuwa wapo wanaopata nafuu wenyewe. Tofauti kati ya 6.5 na 54.7 ni watu waliorudi shambani, sokoni na kwa watoto wao.

Atakayesema hao walikuwa watu wazima ana haki ya kujibiwa. Timu hiyohiyo ilikwenda kaskazini mwa Uganda, kwenye kambi za Waacholi waliokimbia vita vya Joseph Kony, ikafanya kazi na vijana 314 wa umri wa miaka 14 hadi 17. Matokeo yalitoka mwaka 2007. Wasichana walipata nafuu kubwa. Wavulana hawakupata nafuu ya kutosha kuthibitishwa kitakwimu, na jambo hilo halipaswi kufichwa. Wavulana ni wagumu kufungua kinywa mbele ya wenzao, hasa waliofundishwa tangu utoto kwamba mwanaume halii. Ila mtu makini akikuta dawa imewafaa mabinti na kusuasua kwa wavulana, hutafuta namna ya kuwafikia wavulana. Hasemi kwamba dawa ni ya Wazungu.

Na namna hiyo imetafutwa. Nchini Kenya, kijana Tom Osborn na wenzake walianzisha mpango wa Shamiri, wakichukua vijana wa miaka 18 hadi 22 waliotoka sekondari juzijuzi na kuwafundisha kuongoza vikundi vya wanafunzi. Vikao ni vinne tu, saa moja kila wiki. Hawaanzi na swali la ugonjwa. Wanaanza na uwezo wa mtu kubadilika, na mambo anayoyathamini, na shukrani. Wanafunzi 413 walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la JAMA Psychiatry. Dalili za sonona na wasiwasi zilishuka zaidi kwa walioingia vikundi hivyo kuliko kwa wenzao waliopewa vikao vya mbinu za kujisomea. Mnasihi hapa ni kaka au dada aliyewatangulia miaka minne, anayejua uji wa shule una ladha gani.

Tanzania nayo imo. Moshi, mjini na vijijini, na Bungoma nchini Kenya, watoto 640 waliofiwa na mzazi waliingizwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, vikundi vikiongozwa na watu wa kawaida waliopewa mafunzo. Watoto wa vijijini Moshi walitoka kwenye vikao wakiwa na nafuu kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida tu. Mjini Moshi tofauti haikuonekana wazi. Kijiji kilifanya vizuri kuliko mji. Mwenye kudai kwamba tiba ya mazungumzo ni ya watu wa mjini waliostaarabika alitazame tokeo hilo vizuri.

Harare, Zimbabwe, nako, Dk. Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 waliokaa na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilihusisha watu 573, na baada ya miezi sita waliozungumza na bibi walikuwa na dalili chache mno kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umevuka hadi Zanzibar. Kuna wanaotetea mila kwa kusema kwamba sisi tulikuwa na bibi na babu, na makungwi, na wazee wa ukoo, hatuhitaji mtaalamu. Mabenchi ya Harare yanawapa nusu ya haki yao: bibi anaweza. Nusu nyingine ni kwamba bibi wa Harare alifundishwa, alisimamiwa, na alikuwa na mahali pa kumpeleka aliyezidiwa. Na alikuwapo. Kijana wa Momba anayesoma sekondari, mara nyingi bibi yake hayupo.

Hapa ndipo maisha ya shule za kata yanapopaswa kutazamwa kwa karibu. Tangu shule hizi zilipoanza kujengwa kwa kasi mwaka 2006, maelfu ya watoto wa wakulima wamepata kidato cha kwanza ambacho baba zao hawakukiota, na hilo ni jambo kubwa. Ila kata za nyanda hizi ni pana. Mtoto anayetoka kitongoji cha mbali hawezi kwenda na kurudi kila siku, na pasipo bweni mzazi hupanga chumba karibu na shule. Wanakiita geto. Ni chumba cha matofali ya kuchoma, bati bila dari, godoro jembamba sakafuni, ndoo, sufuria moja, na mfuko wa unga ambao baba ameuleta kwa pikipiki siku ya mnada. Mwenye chumba ana miaka 14. Akitoka shule anakoka moto, anasonga ugali, anakula peke yake au na mwenzake wa umri uleule, na usiku unaingia. Akiumwa, hakuna anayejua mpaka mwalimu aite majina. Akiota ndoto mbaya kila usiku tangu mama yake afariki, hakuna anayejua kabisa.

Shirika la Afya Duniani linasema theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla mtu hajafikisha miaka 14, na mengi hayagunduliwi. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa yake huanza kufikia umri uleule ambao mtoto wa kijijini hupewa ufunguo wa geto.

Halafu ipo Tunduma. Mji wa mpakani una foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Nakonde, Zambia, wabadilisha fedha wenye mabunda ya kwacha, mizigo ya kubebwa usiku, na pombe kali ya bei ya mtoto. Serikali ilipiga marufuku viroba, yaani pombe kali ya mifuko, tarehe 1 Machi 2017, ikafanya vizuri, lakini pombe haikuondoka pamoja na mifuko yake. Kijana aliyelala njaa geto mara tatu hujifunza njia ya Tunduma haraka. Anarudi Jumatatu na macho mekundu, simu mpya na mdomo mchafu. Shule inaona simu na mdomo. Inaita utovu wa nidhamu, na fimbo inatoka kabatini.

Kwa hiyo turudi kwenye hukumu ya kwanza, yenye wafuasi wengi kuliko zote na iliyowahi kubarikiwa mpaka ngazi za juu kabisa. Mwezi Oktoba 2019, baada ya mabweni ya Sekondari ya Kiwanja wilayani Chunya kuungua na wanafunzi kushukiwa, Mkuu wa Mkoa wa Mbeya wa wakati huo, Albert Chalamila, aliwachapa viboko wanafunzi 14 wa kidato cha tano na sita mbele ya kadamnasi. Picha zilizunguka nchi nzima. Siku chache baadaye Rais John Magufuli alimpongeza hadharani. Walioshangilia walikuwa wengi, na hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wazazi waliochoka, wanaopenda watoto wao na wanaogopa wanachokiona. Lakini katika shangwe yote ile, swali moja halikupata nafasi: vijana wa miaka 18 wamefikaje mahali pa kuchoma jengo wanamolala wao wenyewe? Swali hilo haliwatetei wachomaji. Ndilo pekee ambalo jibu lake lingezuia moto unaofuata.

Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 2016, video ya mwanafunzi wa Sekondari ya Mbeya Day akipigwa na kundi la walimu waliokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo ilizua hasira, na wahusika wakafukuzwa vyuoni. Mwezi Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano wa Shule ya Msingi Kibeta, Bukoba, mwenye miaka 13, alikufa baada ya kupigwa na mwalimu kwa tuhuma ya kuiba pochi ya mwalimu mwenzake. Mahakama Kuu ilimhukumu mwalimu huyo kunyongwa mwezi Machi 2019. Kila mara taifa lilishtuka, likasema huyu alizidisha, likaendelea. Mstari kati ya adhabu na kuzidisha haukujadiliwa.

Mstari huo umeandikwa. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa idhini yake kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Kila aliyesoma shule ya serikali nchini anajua kiboko cha tano kikoje, na cha kumi, na kwamba kitabu hicho hakijai. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto wa mwaka 2009, uliofanywa na serikali, UNICEF na Chuo Kikuu cha Muhimbili, ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya Watanzania, wasichana kwa wavulana, walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Kama fimbo ingekuwa inafundisha nidhamu, nchi iliyochapa robo tatu ya watoto wake ingekuwa imemaliza tatizo la nidhamu zamani sana.

Wenye kutetea fimbo huwa na kadi moja wanayoiamini: Kenya. Wakenya walifuta viboko shuleni mwaka 2001, wanasema, na tazama shule zao zinavyowaka. Kadi hii inastahili kugeuzwa. Nyeri High, ambako viranja wanne walichomwa moto na wanafunzi wenzao chumbani mwao, ilikuwa mwaka 1999. Kyanguli, ambako wavulana 67 waliteketea bwenini kwa moto uliowashwa makusudi, ilikuwa Machi 2001. Waliotenda hayo walilelewa na fimbo kuanzia darasa la kwanza. Kosa la Kenya ni jingine, na Tanzania ijifunze kwalo: iliondoa fimbo bila kuweka kitu mahali pake. Mwalimu aliyenyang'anywa kifaa pekee anachokijua, bila kupewa kingine, hubaki kati ya kupiga kwa siri na kutojali.

Kuna na ile hoja ya mwisho, ambayo husemwa kwa fahari: sisi tulichapwa na tukawa watu. Waliochapwa wakawa watu wapo, na heshima yao haipunguzwi na mtu. Lakini anayesema hivyo ni aliyefika. Waliokimbia shule darasa la sita kwa sababu ya mwalimu mmoja hawapo barazani kutoa ushuhuda wao. Wengine wako kwenye malori, wengine makaburini. Mwaka 2016 Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walijumlisha tafiti za miaka hamsini zilizohusu watoto zaidi ya 160,000, wakatazama upigaji wa kawaida wa nyumbani, ule wa kofi la makalioni, mdogo kuliko wa paredi zetu. Kadiri mtoto alivyopigwa zaidi, ndivyo alivyoelekea kuwa mkaidi zaidi, mwenye fujo zaidi na mwenye matatizo zaidi ya akili. Nidhamu ya kudumu haikuonekana.

Hukumu ya pili, ya mapepo, inahitaji sauti ya chini zaidi. Katika Momba, kama ilivyo sehemu kubwa ya nchi, familia inayoona mtoto anaongea peke yake huenda kwanza kanisani au kwa mganga wa kienyeji, na haiendi kwa ujinga. Inakwenda kwa sababu hapo ndipo mlango uko wazi saa tano usiku, ndipo mtu atashika mkono wa mama na kulia naye. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, iliyojengwa mwaka 1927, iko Dodoma. Madaktari bingwa wa magonjwa ya akili wa nchi nzima wanahesabika kwa makumi, na wengi wako miji mikubwa. Mchungaji si adui wa kijana. Adui ni yule anayemwambia mama aache dawa, au anayemfunga mtoto minyororo kumtoa pepo, na huyo sheria ishughulike naye. Wachungaji wengine, maelfu, wangeweza kufundishwa kutambua dalili tatu au nne za hatari na kumwandikia mzazi jina la mganga wa kituo cha afya, huku maombi yakiendelea. Kuombewa na kutibiwa havijawahi kugombana ndani ya mwili wa mtu mmoja.

Sasa, fedha. Hapa ndipo wenye hukumu ya tatu hujiona salama. Wanasema: sawa, inafanya kazi, lakini ajira za wanasaikolojia wa kila kata zitalipwa na nani? Wamekosea swali. Masaka haikuajiri wanasaikolojia. Ilifundisha wenyeji kwa wiki mbili. Na walimu wa Tanzania wenyewe wameshapimwa: Mabula Nkuba na wenzake waliendesha mafunzo ya siku tano na nusu kwa walimu wa sekondari za serikali, wakiwafundisha namna ya kumshika mwanafunzi mkorofi bila kumpiga, wakachapisha matokeo mwaka 2018. Walimu waliofundishwa walipunguza ukatili kuliko ambao hawakufundishwa. Muda wa likizo fupi, kwa walimu walewale, kwenye shule zilezile zenye msongamano uleule.

Wala sera haikosekani. Mwaka uleule wa 2002 zilipotoka kanuni za viboko vinne, wizara ya elimu ilitoa pia waraka wa kuanzisha huduma za ushauri na unasihi shuleni. Nyaraka mbili zilisafiri kwenda shule zilezile. Mmoja ulitekelezwa kupita kiasi, mwingine ukabandikwa ukutani. Kwenye shule nyingi mwalimu wa unasihi yupo kwa jina: aliteuliwa kwenye kikao cha walimu kwa sababu ana sura ya upole, ana vipindi vya Kiswahili na Uraia kama wengine, hana chumba, na hajafundishwa hata siku moja. Akitaka kuzungumza na mwanafunzi huzungumza naye ofisini, walimu wengine wakisahihisha madaftari pembeni na kusikiliza. Mbaya zaidi, katika shule zenye walimu wachache mwalimu huyohuyo ndiye wa nidhamu. Mtoto akimweleza Jumatatu kwamba mjomba anamwingilia usiku, Jumatano anaona mkono huohuo umeshika fimbo kwenye paredi. Hatasema tena, na wenzake aliowasimulia hawatasema pia.

Namba 116, ya bure, inayoendeshwa na C-Sema kwa ajili ya watoto, inafika popote penye mtandao, pamoja na Ndalambo. Imebandikwa katika mbao za matangazo za shule ngapi? Hilo halihitaji bajeti. Linahitaji karatasi na gundi.

Na kuna jambo moja ambalo wilaya haiwezi kulifanya na Bunge linaweza. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kujaribu kujiua ni kosa. Mtoto wa miaka 16 anayekunywa dawa ya panya geto na kuokolewa na jirani anaamkia kituo cha afya akiwa mgonjwa na mtuhumiwa kwa pamoja, na familia inayojua hivyo inamficha, inasema alikula uyoga. Mganga naye hawezi kutibu sababu asiyoambiwa. Mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha nchi hiyo kinachofanana na hicho kinakwenda kinyume na katiba. Wabunge wa Songwe, mkoa wenye wilaya ya Momba, hawana sababu ya kungoja mtu mwingine alianzishe Dodoma.

Mengine yako mikononi mwa mkuu wa shule. Anaweza kuamua kwamba mwalimu wa unasihi hatashika fimbo, kamwe, kwa kosa lolote. Anaweza kumpunguzia vipindi vinne kwa wiki na kumpa stoo ya vitabu yenye mlango unaofungwa. Anaweza kuchagua wahitimu wawili wa kidato cha nne wanaosubiri matokeo kijijini, wakakaa na wavulana wa mageto kila Alhamisi baada ya vipindi, mwalimu huyo akiwasimamia. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anaweza kuja kuwaelekeza dalili za kuripoti, na muuguzi wa kituo cha afya akawa ndiye wa kupokea aliyezidiwa. Hakuna kati ya hayo linalosubiri kibali kutoka wizarani, na ratiba ya vipindi ya mwaka mpya huandikwa na mwalimu wa taaluma wiki ya kwanza ya Januari.